Jenga kiungo kwanza: mwongozo wa ubao wa mawimbi unaogawanyika vipande viwili

Wengi wanaotaka ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ambao wanaweza kusafiri nao kwa ndege huchukua ubao wao wa zamani, wakaukata katikati, kisha wakaanza kutafuta namna ya kuuunganisha tena. Hata mimi nilianza hivyo. Ubao ule ulishikamana vizuri juu ya meza na ukaenda majini mara tatu. Mara ya nne ngozi ya tumboni, yaani gamba gumu la nje upande unaogusa maji, ilichanika sentimita chache mbele ya pale mabomba ya kuungia yalipoishia. Kiungo chenyewe hakikuguswa. Kilichovunjika ni ubao uliokizunguka, kwa sababu haukujengwa ukijua kwamba kiungo kipo.

Tangu siku ile nafuata mpangilio wa kinyume: kiungo hutengenezwa kwanza, nacho huundwa kwa jozi, sura kwa sura, halafu ubao hujengwa juu yake.

Tukubaliane kwanza maneno. Mgongo ni upande unaosimama juu yake, tumbo ni upande unaogusa maji, pua ni mbele, mkia ni nyuma. Kiambaza ni ukuta mwembamba wa plaiwudi unaofunga ncha ya kila nusu mahali pa kuungania. Sura ni uso wa kila nusu unaogusana na mwenzake kwenye kiungo. Ala ni mfuko mgumu ambao bomba huingia ndani yake kama kisu kinavyoingia kwenye ala yake.

Hesabu kabla ya msumeno

Mashirika mengi ya ndege huhesabu kuwa mzigo wa kawaida ni ule ambao urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158, na uzito hauzidi kilo 23. Soma masharti ya tiketi yako mwenyewe, maana hutofautiana, lakini namba hiyo ndiyo ya kuanzia. Kosa la kawaida ni kuangalia urefu peke yake. Chukua ubao wa futi 6, yaani sentimita 183, wenye upana wa 50 na unene wa 6.5. Nusu ya urefu ni 91.5. Ongeza upana 50. Ongeza unene wa vipande viwili vilivyolaliana, 13. Ongeza 4.5, kwa sababu pua iliyojipinda hailali bapa juu ya mkia. Ongeza 6 za sponji ya begi, sentimita moja kila upande. Jumla ni 165, na mzigo wako tayari umezidi.

Sasa chukua ubao mfupi mpana wenye mkia wa mbayuwayu, ule uitwao "fish", ambao Steve Lis alianza kuutengeneza San Diego mwaka 1967. Urefu sentimita 170, upana 51, unene 6.4. Tumbo lake halijipindi sana, kwa hiyo vipande vinalaliana vizuri: 85, 51, 12.8, 3 za mpindo, 6 za sponji. Jumla 157.8. Unaingia kwa kubanana, lakini unaingia. Kutopinda kwake kuna faida nyingine kubwa: mabomba yaliyonyooka yanakaa ndani yake bila kukaribia ngozi ya upande wowote. Mwongozo huu ni wa ubao huo.

Ukitaka ubao mrefu zaidi, vipande viwili havitoshi. Ubao wa futi 7, sentimita 213, ukigawanywa mara tatu hutoa vipande vya 71. Pamoja na upana wa 54, unene wa vipande vitatu, mpindo na sponji, utafika karibu 155. Wazo hilo si geni. Katika miaka ya 1960 Tom Morey na Karl Pope, huko California, waliuza ubao wa vipande vitatu wa kubebwa kama sanduku. Lakini vipande vitatu vina viungo viwili, na vyote viwili hukaa mahali ambapo ubao ni mwembamba na umejipinda. Jenga wa viwili kwanza. Utakachojifunza hapo ndicho kitakachokuwezesha kujenga wa vitatu.

Nguvu zinapita wapi

Ubao wa mawimbi ni ngozi mbili ngumu zilizotenganishwa na fomu nyepesi, yaani povu la plastiki lililoganda. Ukisimama katikati huku ncha zote mbili zikiwa zimebebwa na maji, tumbo huvutwa na mgongo hubanwa. Kubanwa hakusumbui kwenye kiungo, kwa kuwa sura mbili zinazogusana husukumana zenyewe. Kuvutwa ndiko kunakohitaji kitu cha kushika.

Tuweke namba. Mtu wa kilo 75 akisimama katikati ya ubao uliowekwa juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 150, kinachokunja ubao pale katikati ni takribani newton-mita 280. Majini kuna kutua kwa kishindo, kwa hiyo zidisha mara mbili: 560. Mabomba mawili ya kipenyo cha milimita 30 nje na 26 ndani yakibeba yote hayo bila msaada, mkazo ndani yake hufika megapaskali 240 hivi. Alumini ya daraja la 6061-T6 huanza kupinda kabisa, isirudi, karibu na 275, kwa hiyo inaponea chupuchupu. Bomba la kaboni ambalo nyuzi zake nyingi zimelala kwa urefu hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo na bado ni jepesi. Kuna sababu nyingine ya kuiacha alumini: ikigusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi huoza haraka sana. Tumia kaboni, au bomba nene la faibaglasi ukikosa kaboni. Kipande cha mlingoti uliovunjika wa ubao wa tanga kinavutia, lakini milingoti hiyo hupungua unene kuelekea juu, na bomba lililochongoka halitakaa sawa kwenye ala mbili.

Hesabu iliyoniumiza kwenye ubao wa kwanza ni ya ala. Bomba likikunjwa, ncha yake husukuma ukuta wa ala kwa nguvu ya kama kilo 165. Fomu ya EPS, ile nyeupe ya punje punje zilizoshikana, yenye uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo huanza kubonyea ikibanwa kwa kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ncha ya ala ikiegemea fomu peke yake, inaibana mara tatu ya hapo. Itabonyea, ala itacheza, na ngozi iliyo juu yake itabeba mzigo ambao si wake. Kwa hiyo ala isielee ndani ya fomu. Lazima ishikwe na mbavu za plaiwudi zilizosimama wima, zinazogusa ngozi ya mgongo na ya tumbo.

Vitu vya kuandaa na mwili wa kuulinda

Tafuta bonge la EPS la kilo 28 hadi 32 kwa mita ya ujazo. Mabomba mawili ya kaboni ya milimita 30. Plaiwudi ya baharini ya milimita 6 kwa viambaza na milimita 3 au 4 kwa mbavu. Kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200. Epoksi, yaani resini ya majimaji, na kigumishi chake cha kuifanya iwe ngumu. Unga wa silika wa kuifanya epoksi iwe nzito kama uji. Bolti mbili za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, urefu milimita 35, zenye tundu la pembe sita kichwani. Vibamba viwili vya chuma hicho hicho vya unene wa milimita 10, vilivyotobolewa na kukatwa hesi ya M8. Na karatasi laini ya plastiki isiyoshikana na epoksi. Usitumie resini ya poliesta. Ina kemikali inayoyeyusha EPS, na utabaki na shimo mahali palipokuwa na ubao.

Epoksi haina harufu kali, ndiyo maana watu huichezea. Mwili unaweza kuizoea vibaya polepole, na ukishaanza kuwashwa, tatizo hilo aghalabu halikuachi. Vaa glavu za nitraili tangu tone la kwanza, badilisha zikichafuka, na usijifute kwa kemikali ya kuyeyushia. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri. Vumbi la faibaglasi na kaboni usiliruhusu mapafuni hata siku moja.

Hatua ya 1: ala nne

Paka bomba nta, lizungushie karatasi ya plastiki mara moja tu, paka nta tena. Kabla ya kuanza kuzungusha kitambaa, laza uzi wa nailoni wa milimita 1 juu ya bomba kwa urefu wote na uupake nta pia. Uzi huu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Ala imefungwa mwisho wake, na bomba linaloingia kwa kubana hufanya kazi kama pampu: hewa haina pa kutokea na kiungo kinakataa kufunga, au kinafunga halafu kinakataa kufunguka. Uzi ukishavutwa nje huacha mfereji mwembamba ndani ya ala, na hewa hupita humo.

Zungusha kitambaa kilicholowa epoksi mara 8 au 9, upate ukuta wa milimita 2. Acha ikauke kabisa. Mwagia maji ya moto, ala itatanuka kuliko kaboni iliyo ndani, kisha ivute huku ukiisokota. Kata ala mbili za sentimita 28 na mbili za sentimita 22, na kila moja izibe upande mmoja kwa kipande cha faibaglasi. Paruza sehemu ya nje kwa msasa wa 80 ili gundi ishike.

Kwa nini urefu tofauti? Kwa sababu ubao huvunjika pale ugumu unapoishia ghafla. Ala mbili zikiishia kwenye mstari mmoja, umechora mstari wa kukatia. Bomba la kulia litaingia sentimita 28 puani na 22 mkiani, na la kushoto kinyume chake. Mabomba yote mawili yatakuwa na urefu mmoja. Yakate sentimita 49.5 ili yasigonge mwisho wa ala kabla viambaza havijagusana, na ziba ncha zake kwa kipande cha fomu na epoksi yasije yakajaa maji.

Hatua ya 2: viambaza pacha

Chora umbo la ubao lilivyo ukikatwa katikati, kisha lipunguze milimita 2 kila upande. Gundisha vipande viwili vya plaiwudi kwa tepu ya pande mbili, kata umbo kwa pamoja, na toboa kwa pamoja. Matundu ya ala, ya milimita 34, yawe sentimita 10 kutoka mstari wa kati, kulia na kushoto. Matundu ya bolti yawe sentimita 17 kutoka katikati na milimita 22 chini ya mgongo. Keekee isimame wima kabisa. Ukiweza kuipata ile ya mezani, itumie kwa kazi hii hata kama kila kitu kingine utatoboa kwa mkono. Weka alama ya mshale kwenye pacha hizo kabla hujazitenganisha, ili zisigeuzwe kamwe.

Kila kiambaza kipakwe kitambaa kimoja pande zote mbili. Nyuma ya kiambaza cha mkia gundisha kile kibamba chenye hesi, kisha kifunike kwa kikofia kidogo cha faibaglasi chenye nafasi ya sentimita moja. Bila kikofia hicho, maji yanayopita kwenye hesi yatafika kwenye fomu. Nyuma ya kiambaza cha pua gundisha kisanduku cha faibaglasi kwa kila bolti, urefu milimita 60 na upana usiopungua 35. Upana huo una sababu: ufunguo wa pembe sita lazima ugeuke nyuzi 60 kabla ya kuuhamishia pembe inayofuata, na kwenye kisanduku chembamba utagonga ukuta kabla ya kufika. Mkono mfupi wa ufunguo wa milimita 6 ukate ubaki sentimita 2. Chini ya kichwa cha bolti weka kibamba cha faibaglasi cha milimita 3, plaiwudi isije ikabonyea.

Jaza visanduku vipande vya fomu na uvifunike kwa tepu. Utavifungua baadaye.

Hatua ya 3: kuoanisha yote kwa mara moja

Kata bonge la EPS kwa waya wa moto ukifuata kiolezo cha mpindo wa tumbo, kisha likate katikati kwa pembe mraba. Katika kila nusu fungua mifereji miwili ya kina chote, kutoka mgongoni hadi tumboni, urefu unaozidi ala kwa sentimita 3. Ndani ya kila mfereji kutakaa ala katikati na mbavu mbili za plaiwudi, moja kila upande, zimesimama kutoka ngozi hadi ngozi. Ncha za mbavu zikate mshazari, zisiishie kwa ghafla. Ubao huu hauhitaji uti wa mbao katikati. Mbavu hizo nne za kila nusu, karibu na kiungo, na ngozi nene kidogo kwingineko, zinatosha.

Panga kila kitu pakavu kwanza. Viambaza viwili vifungwe pamoja kwa bolti zake, katikati yao karatasi ya plastiki, mabomba yakiwa ndani ya ala nne. Sasa pima umbali kati ya mabomba karibu na kiambaza na upime tena nje kabisa. Namba mbili zilingane hadi nusu milimita. Mabomba yakikaa chini kidogo au juu kidogo kuliko ulivyokusudia, hakuna tatizo, kwa sababu pua na mkia vinajengwa juu yake kwa pamoja. Yasipokuwa sambamba, hayatatoka tena, na hakuna msasa utakaokusaidia. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na bado sijawahi kuona kuwa nilipoteza muda.

Gundisha yote, pua na mkia, kwa kikao kimoja. Epoksi ichanganywe na silika, na ichanganywe kidogo kidogo: bakuli kubwa hujipasha moto lenyewe, na EPS hulainika na kusinyaa kabla ya joto la maji yanayochemka. Hakikisha epoksi haivuki midomo ya ala. Mimi huzungushia udongo wa kuchezea pale bomba linapoingia, nautoa baadaye. Acha siku nzima.

Hatua ya 4: umbo na ngozi

Sasa una bonge moja, si mawili, na unalichonga kama ubao wowote. Tofauti ni moja: plaiwudi ni ngumu kuliko fomu, kwa hiyo msasa utakula pande zote na kuiacha plaiwudi ikiwa kigongo. Ndiyo maana tulipunguza milimita 2. Ikijitokeza popote, ishushe kwa randa ndogo kabla hujaendelea.

Paka ngozi ubao ukiwa umeungana. Changanya epoksi kwa uzito kama kopo linavyosema. Kuongeza kigumishi hakuharakishi chochote, kunaacha resini laini milele. Fanya kazi mahali penye nyuzijoto 20 hadi 25. Tumboni kitambaa kimoja cha gramu 200, kikikunjwa kuvuka kingo. Mgongoni viwili. Juu ya kiungo, pande zote mbili, ongeza viraka vitatu vinavyokivuka: cha kwanza kifike sentimita 20 kila upande wa kiungo, cha pili 30, cha tatu 40. Ncha za viraka zikate meno ya msumeno. Kila kitu hapa kinarudia funzo lile lile la ala: ugumu upungue polepole kuelekea nje, usiwe na ukingo.

Masanduku ya mapezi ya kuchomoa yawekwe sasa kwenye nusu ya mkia, pamoja na kikombe cha kamba ya mguu. Mapezi yasiyotoka yatakuharibia hesabu yote ya begi. Kisha paka resini ya juu na upige msasa hadi laini.

Hatua ya 5: kuutenganisha

Fungua visanduku vya bolti kwa kisu, toa fomu, paka epoksi kuta zake. Legeza bolti. Ukiangalia kwenye mwanga utaona mstari wa karatasi ya plastiki chini ya ngozi. Ufuate kwa msumeno mwembamba kuliko yote ulio nao, ukikata ngozi tu, kuzunguka ubao wote. Vuta. Kama hesabu ya usambamba ilikuwa sahihi, nusu mbili zitaachana kwa sauti ndogo ya hewa.

Ngozi iliyokatwa sasa imeshikwa na ukingo wa milimita 6 wa plaiwudi tu, na siku moja itabanduka isipozuiwa. Chonga ukingo wa kila sura mshazari kwa milimita 3, na unyoe ngozi ya nje kidogo tu kwa upana wa sentimita 4. Laza utepe wa kitambaa unaokunjwa: sentimita 4 juu ya ngozi, sentimita 3 juu ya sura ya kiambaza. Fanya hivyo nusu zote mbili. Huku epoksi ikiwa bado mbichi, ongeza uji wa silika kwenye sura moja, weka karatasi mpya ya plastiki katikati, ingiza mabomba yaliyopakwa nta, kaza bolti kwa upole mpaka uji uchuruzike pembeni. Zikikauka, sura hizo mbili zitakuwa zimefinyangana, kila bonde la upande mmoja lina kilima chake upande wa pili. Kuzipiga msasa zilingane kwa jicho hakutakufikisha hapo.

Usiweke mpira wala sponji katikati. Najua wengi huweka ili maji yasiingie, lakini kitu kinachobonyea huruhusu kiungo kucheza, na kinachocheza hulika. Maji yaache yaingie kwenye ufa na yatoke. Kila nusu imezibwa peke yake kama chombo kamili, na huo ndio ulinzi wako. Kabla ya kuingia majini bandika tepu pana ya plastiki juu ya mstari wa tumboni, maji yapite bila kukwaruzwa.

Hatua ya 6: tundu la hewa, mara mbili

EPS ina hewa ndani yake. Jua likiwaka, au ndege ikipaa na shinikizo la hewa likishuka, hewa hiyo hutanuka na kuisukuma ngozi ibanduke kutoka kwenye fomu. Ubao wa kawaida una tundu moja la kupumulia. Wako una vyumba viwili visivyowasiliana, kwa hiyo una matundu mawili, moja kila nusu, mgongoni. Ukiweka yale ya skrubu, yafungue kabla ya kukabidhi begi na uyafunge kabla ya kugusa maji. Yale yenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji hayahitaji kukumbukwa, na kwa ubao wa safari ndiyo ninayoyapendekeza.

Ongeza kamba fupi nyembamba, yenye nguvu, inayofungwa kutoka kisanduku kimoja cha bolti hadi kikombe kidogo upande wa mkia. Kamba ya mguu imeshika mkia peke yake. Bolti zikilegea mbali na ufuko, kamba hii ndiyo itakayoizuia pua isiondoke na mkondo, na nusu mbili zilizofungana bado zitakubeba vizuri juu ya maji.

Jaribio la nchi kavu

Laza ubao juu ya vigingi viwili vyenye sponji, vilivyoachana sentimita 150. Weka mifuko ya mchanga katikati, kilo 20 kwa mara, hadi ufike uzito wako na nusu yake tena. Sikiliza. Mlio mmoja mfupi mwanzoni huwa ni resini ya ziada inayojipanga. Mlio unaorudi kila unapoongeza mfuko ni wa kusimamisha kazi na kutafuta ala iliyobanduka. Mzigo ukiwa juu, jaribu kupitisha kipande cha karatasi kwenye mstari wa tumboni. Kikiingia, sura hazijakazwa vya kutosha au mabomba yanacheza. Ondoa mzigo, lala chini, na upitishe kidole kwenye ngozi pale ala zinapoishia. Pawe laini, bila mkunjo.

Vyote vilivyoongezwa, yaani mabomba, ala, viambaza, mbavu, bolti na epoksi yake, vina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Utaisikia ukiwa unaubeba kwenda ufukweni. Ukiwa juu ya wimbi, uzito ulio katikati kabisa husumbua kidogo kuliko ule ulio nchani.

Majini na kurudi

Siku za kwanza chagua mawimbi madogo, na baada ya nusu saa toka ukaze bolti upya, kwa sababu uchafu mwembamba kwenye sura hubonyea na kuacha nafasi. Mkono mmoja kwenye ufunguo mfupi unatosha. Nguvu zaidi ya hapo inabana plaiwudi bila kuongeza ushikaji. Mguu wa mbele kwa kawaida utakanyaga nyuma kidogo ya kiungo. Ukijikuta unakanyaga visanduku vya bolti, vifunike kwa kipande cha sponji ya mgongoni.

Mchanga ndio adui wa ala. Usitenganishe ubao ukiwa umeketi ufukweni. Usuuze kwanza kwa maji matamu, utenganishe juu ya taulo, kisha usuuze ala kwa kuzijaza na kuzimwaga mara mbili tatu. Bomba lipakwe nta kavu ya mshumaa. Usitumie grisi: chembe za mchanga zikinasa ndani yake, inageuka kuwa msasa.

Ukifunga safari, sura za kiungo zifunikwe kwa vifuniko vya sponji ngumu vilivyokatwa kwa umbo la kiambaza, na mabomba yafungwe kwenye taulo katikati ya nusu mbili. Kovu dogo ubavuni mwa ubao linazibika jioni moja. Kovu kwenye ukingo wa sura huzuia nusu mbili zisifunge, na ukilitengeneza lazima ulifinyange tena dhidi ya pacha wake kwa karatasi ya plastiki, kama ulivyofanya mara ya kwanza. Kwa hiyo mimi hubeba gramu 100 za epoksi pamoja na kigumishi chake, kipande cha karatasi hiyo, bolti mbili za akiba na ufunguo wa pili. Kabla ya kubeba epoksi hiyo kwenye ndege, uliza shirika kama inaruhusiwa. Isiporuhusiwa, inunue ukifika. Ufunguo uweke kwenye begi hilo hilo la ubao, umefungwa kwa kamba ya kisanduku, maana bila huo ubao unabaki nusu mbili.